Mtoto akiwa na klani ya gemu, mzazi amjue nahodha na ratiba

Mzazi akisikia mwanawe anasema saa 4 usiku ana mazoezi ya klani, mara nyingi hatua ya kwanza ni kumnyang'anya simu. Simu inazimwa, inafungiwa kabatini, nyumba inatulia. Wiki mbili baadaye kijana anacheza kwa simu ya rafiki yake, au anasubiri wakubwa walale ndipo aanze, na sasa hakuna mtu mzima anayejua anacheza na nani na mpaka saa ngapi.

Kasoro ya hatua hiyo ni kwamba mzazi ameiona simu, hajaiona timu. Kijana aliye ndani ya klani hachezi peke yake. Wapo wenzake watatu, wanne au hata 14 wanaomsubiri, yupo nahodha aliyempangia nafasi, na ipo siku na saa waliyokubaliana. Akitoka ghafla anawaangusha wenzake, na kwa kijana wa miaka 15, kuwaangusha wenzake kunaweza kumuuma kuliko kumuudhi baba.

Hapo ndipo penye hatari, na hapohapo ndipo mzazi anapoweza kupata mlango wa kuingilia. Klani iliyopangwa vizuri humsaidia mtoto kutunza usingizi, masomo na adabu yake. Iliyopangwa ovyo huvila vyote vitatu, hata kama gemu yenyewe ni ileile.

Klani ni nini?

Neno lenyewe maana yake ni ukoo. Kwa wachezaji wa gemu za mtandaoni, klani ni kundi la watu waliojiandikisha pamoja chini ya jina moja, wakacheza upande mmoja dhidi ya makundi mengine. Desturi hii si ya jana. Gemu ya kompyuta iitwayo Quake ilipotoka Marekani mwaka 1996, wachezaji walijikusanya kwa majina ya klani na kupambana kupitia intaneti. Leo kompyuta si lazima. Simu na bando vinatosha.

Gemu hazifanani, na tofauti zake zina maana kubwa kwa usingizi wa mtoto. Katika Clash of Clans, iliyotolewa mwaka 2012 na kampuni ya Supercell ya Finland, klani moja huchukua hadi wanachama 50. Kuna kiongozi, viongozi wasaidizi, wazee na wanachama wa kawaida. Vita vya kawaida vya klani huenda kwa siku mbili, moja ya maandalizi na moja ya mapigano. Siku ya mapigano kila mchezaji ana mashambulizi mawili tu, na shambulio moja huchukua dakika 3. Ukiacha muda wa kupanga mbinu, mtoto anaweza kumaliza kazi yake yote ya vita kwa dakika 6, na akaifanya mchana baada ya kula.

PUBG Mobile na Free Fire zina mwendo mwingine. Katika PUBG Mobile, kwenye mtindo wake mkuu, wachezaji 100 hushuka kisiwani kwa wakati mmoja, wengi wakiwa kwenye vikosi vya watu wanne, na hupigana mpaka kibaki kikosi kimoja. Mechi moja inaweza kufika nusu saa. Free Fire, kwa mtindo wake mkuu, huwa na wachezaji 50 na mechi yake huisha kwa takribani dakika 10. Zote mbili, mechi ikishaanza, hakuna namna ya kuisimamisha.

Ndiyo maana mtoto akiitwa mezani anajibu, "Mama, naomba nimalizie," na mama anaona ni kiburi. Mara nyingine si kiburi. Ni sawa na kumwita mlinda mlango atoke uwanjani kabla ya filimbi. Mzazi anayejua gemu ya mwanawe inachukua dakika ngapi anaweza kusema, "Hii iwe ya mwisho," badala ya kusema, "Zima sasa hivi." Kauli ya kwanza inatekelezeka na haizui ugomvi.

Kwa nini iwe usiku?

Mchana wanachama wako shuleni. Jioni kuna kazi za nyumbani, na katika nyumba nyingi simu ni ya mzazi, haipatikani mpaka arudi kazini. Vifurushi vya intaneti vya usiku navyo mara nyingi huwa na bei nafuu kuliko vya mchana. Usiku pia nyumba iko kimya, hakuna wa kumtuma dukani.

Sababu nyingine ni majira. Klani nyingi zina watu wa nchi tofauti. Kijana wa Dar es Salaam anaweza kuwa klani moja na binamu yake anayeishi London. Wakati wa baridi, London ikiwa saa 3 usiku, Dar es Salaam ni saa 6 usiku. Binamu bado ana muda kabla ya kulala, lakini huyu wa Dar alipaswa kuwa usingizini saa nyingi zilizopita.

Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, American Academy of Sleep Medicine, kinashauri watoto wa miaka 6 hadi 12 walale kati ya saa 9 na 12 kwa siku, na wale wa miaka 13 hadi 18 walale kati ya saa 8 na 10. Mwanafunzi anayeamshwa saa 11 alfajiri ili awahi basi la shule anatakiwa awe amelala ifikapo saa 3 usiku ili apate angalau hizo saa 8. Mazoezi ya klani yakianza saa 4 na kuisha saa 6, tayari amepoteza saa 3.

Hasara haiishii hapo. Mtu aliyetoka kwenye mechi ya kushindana, moyo ukiwa bado unaenda mbio na hasira ya kufungwa ikiwa bado mpya, halali mara tu anapoweka simu chini. Hulala akiwaza lile kosa la mwisho. Kesho yake darasani anasinzia, anasahau alichofundishwa, na akirudi nyumbani anamkaripia mdogo wake kwa jambo dogo. Mzazi anadhani mtoto amebadilika tabia, kumbe mtoto hajalala.

Wakubwa wa gemu walijifunza nini?

Wachezaji wa kulipwa nao wamelazimika kulijua hili. Timu ya Astralis ya Denmark, inayocheza Counter-Strike kwa watu watano dhidi ya watano, ilikuwa na sifa ya kufika hatua za mwisho za mashindano makubwa kisha kushindwa kwa presha. Mwaka 2016 ilimchukua Mia Stellberg, mwanasaikolojia wa michezo kutoka Finland. Januari 2017 ikatwaa ubingwa wake wa kwanza wa mashindano makubwa mjini Atlanta, Marekani. Baadaye ikatwaa mengine matatu mfululizo, London mwaka 2018, kisha Katowice na Berlin mwaka 2019.

Ubingwa huo ulikuwa na sababu nyingi, ikiwamo vipaji vya wachezaji wenyewe. Lakini timu hiyo ilijulikana kwa jambo moja ambalo klani nyingi za mitaani hupuuza. Iliuhesabu usingizi, chakula na mazoezi ya mwili kuwa sehemu ya maandalizi ya mechi. Kijana anayemwambia mama yake kwamba mabingwa hukesha anaweza kuelezwa habari za Astralis.

Klani nzuri inavyopangwa

Jambo la kwanza ni idadi. Kikosi cha watu wanne kinachotegemea watu wanne tu ni kikosi kisicho na benchi. Mmoja akiugua au akiwa na mtihani, wenzake watamlazimisha aje hivyohivyo. Kikosi chenye watu sita au saba humpa kila mmoja nafasi ya kupumzika bila kuonekana msaliti. Clash of Clans yenyewe ina alama ambayo mchezaji huiweka kuonyesha kwamba safari hii hataki kupangwa vitani. Nahodha mwerevu huiheshimu alama hiyo na hamsemi mtu aliyeiweka.

Jambo la pili ni majukumu. Mmoja huwa nahodha anayeamua twende wapi na lini turudi nyuma. Mwingine hutangulia, mwingine hulinda nyuma, mwingine hulenga kwa mbali au hukusanya vifaa na dawa za wenzake. Mtoto anayejua jukumu lake hufanya mazoezi ya kitu kimoja kwa muda mfupi. Asiyejua hucheza mechi baada ya mechi, akidhani wingi wa saa ndio ubora.

Jambo la tatu ni mazoezi yenye mwanzo na mwisho. Dakika 90 zinatosha kwa kikosi cha wanafunzi. Dakika 15 za kupasha vidole na kujaribu mtandao, dakika 45 za mechi zenye lengo moja, kwa mfano namna ya kuingia kwenye jengo bila kupoteza mtu, dakika 20 za kutazama marudio ya mechi, na dakika 10 za mazungumzo. Katika kutazama marudio, swali linalosaidia ni "tulikosea wapi?" kuliko "nani katuangusha?" Klani ya Clash of Clans ina njia rahisi zaidi, kwa sababu wanachama wanaweza kushambuliana wenyewe kwa wenyewe kirafiki, bila kupoteza chochote, mpaka mbinu ikae sawa.

Jambo la nne ni kauli. Kwenye gemu za vikosi, wachezaji huzungumza kwa hedifoni muda wote. Taarifa nzuri ni fupi: adui wako wangapi, wako wapi, nani ameumia. Aliyeshauawa hunyamaza ili walio hai wasikie. Matusi hayana kazi hapo, yanaziba taarifa. Nahodha anayelikemea tusi la kwanza huwa amefanya kazi ambayo mzazi, aliye upande wa pili wa mlango, hawezi kuifanya. Wasichana ndio huumia zaidi mahali pasipo na nahodha wa namna hiyo. Wengi huzima maikrofoni ili wasijulikane kuwa ni wasichana, na kikosi hupoteza sauti moja.

Jambo la tano ni kanuni ya kuacha. Vikosi vinavyojijali hujiwekea kikomo, kwa mfano kufungwa mara mbili mfululizo ni mwisho wa siku. Bila kikomo, kila aliyefungwa anataka mechi moja ya kurudisha heshima, na heshima hiyo hutafutwa mpaka saa 8 usiku.

Nani yuko upande wa pili?

Penye wengi pana mengi. Klani ya marafiki wa shule moja ni tofauti na klani ya watu 50 waliokutana mtandaoni, ambamo mtoto wa miaka 13 anaweza kuongea kila usiku na mtu wa miaka 30 asiyemjua sura. Wengi wa watu hao hawana nia mbaya. Lakini mtoto anapaswa kujua mipaka kabla hajaingia. Jina halisi, shule, mtaa na picha havitolewi. Mwanachama akianza kumtaka wahamie kwenye mazungumzo ya faragha, akimpa zawadi za ndani ya gemu bila sababu, au akimwambia jambo ambalo wazazi wasijue, mtoto amwambie mtu mzima siku hiyohiyo.

Fedha nazo zina mtego wake. Gemu hizi hupakuliwa bure, lakini ndani yake kuna mavazi, silaha za mapambo na sarafu zinazonunuliwa kwa fedha halisi. Klani zingine hutaka mwanachama anunue vazi moja na wenzake ili wafanane. Mzazi anayempa mtoto simu yenye akaunti ya fedha asimpe na namba ya siri. Mtoto naye aelezwe kwamba mtu anayemwahidi sarafu za bure kwa sharti la kumpa nywila yake anataka kumwibia akaunti.

Saa ipangwe na nani?

Zipo serikali zilizojaribu kuipanga saa hiyo kwa sheria. Mwaka 2011 Korea Kusini ilipiga marufuku walio chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mwaka 2021 ilitangaza kuiondoa marufuku hiyo na kubaki na utaratibu unaoiruhusu familia yenyewe kuomba mtoto apangiwe saa za kucheza. Mwaka huohuo China ilienda upande wa pili. Iliagiza kampuni za gemu za mtandaoni ziwape walio chini ya miaka 18 saa 1 tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Kwa familia ambayo haina sheria ya namna hiyo nchini mwake, saa inabaki mikononi mwa watu wawili, mzazi na nahodha. Nahodha huyo kwa kawaida ni kijana wa miaka 16 au 17 ambaye hajawahi kuambiwa kwamba ana dhamana ya usingizi wa wenzake. Akiambiwa kwa heshima, mara nyingi huelewa upesi, kwa sababu naye ana mama yake.

Dalili za kutopuuza

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeuingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Daktari hutazama mambo matatu. Mtu ameshindwa kujizuia kuanza au kuacha kucheza, gemu imepewa nafasi ya mbele kuliko mambo mengine ya maisha, na anaendelea au anazidisha ingawa madhara yanaonekana. Hali hiyo iwe imevuruga familia, masomo, kazi au urafiki wake, na kwa kawaida iwe imeonekana kwa angalau miezi 12.

Kwa kipimo hicho, mtoto anayependa klani yake, anayeamka kwenda shule, anayekula na wenzake na anayesalimia wageni si mgonjwa. Kumwita mraibu ni kumpa jina ambalo hastahili. Lakini mtoto aliyeacha kuoga, aliyeacha mpira na marafiki wa mtaani, anayedanganya kuhusu fedha na ambaye alama zake zinaporomoka muhula hadi muhula, asisubiriwe miezi 12 ipite. Apelekwe kwenye kituo cha afya chenye huduma ya afya ya akili au kwa mshauri nasaha wa shule. Wakati mwingine gemu huwa ni mahali alipojificha, na kinachomuumiza ni kitu kingine kabisa, kama kuonewa shuleni au ugomvi wa wazazi.

Mzazi aanzie wapi?

Aanze kwa kukaa pembeni ya mwanawe na kutazama mechi moja nzima, bila kukosoa. Dakika hizo zitamfundisha mengi kuliko mwezi mzima wa kugombana. Kisha aulize maswali ambayo angeyauliza kama mtoto angejiunga na timu ya mpira ya mtaa. Nahodha ni nani na ana umri gani? Mko wangapi, na wangapi unawafahamu kwa sura? Mazoezi ni siku gani, yanaanza na kuisha saa ngapi? Ukiwa na mtihani, nani anashika nafasi yako?

Mtoto akishindwa kujibu swali la ratiba, hiyo ni habari tayari. Ina maana klani haina ratiba, na isiyo na ratiba humwita mtu saa yoyote. Hapo mzazi anaweza kumpa kazi badala ya adhabu. Aende kwa wenzake na pendekezo lililoandikwa, kwa mfano mazoezi siku mbili tu kwa wiki, Ijumaa kuanzia saa 12 hadi saa 1 na nusu jioni na Jumamosi asubuhi, na wiki ya mitihani klani inafungwa. Ratiba ibandikwe kwenye kundi lao la WhatsApp kila Jumapili na nakala yake iwekwe ukutani sebuleni.

Mzazi naye ana upande wake wa makubaliano. Saa ya mazoezi ikifika, mtoto asitumwe dukani wala asiitwe kupokea mizigo, ila kwa dharura. Mazoezi yakiisha, simu ilale nje ya chumba cha mtoto, na ya mzazi pia ikiwezekana, maana mtoto huona. Mwezi ukiisha wakae tena waangalie mambo matatu: ameamka vipi asubuhi, alama za shule zimekwendaje, na bado anafurahia kucheza au anakwenda kwa woga wa kusemwa na wenzake.

Hilo la mwisho ndilo la kuulizwa kwa sauti ya chini, wakiwa wawili. Mtoto anayesema amechoka na klani lakini anaogopa kuondoka anahitaji mtu mzima wa kumsaidia kuaga. Mzazi anaweza kumruhusu amtumie yeye kama kisingizio, aandike kwenye kundi kwamba nyumbani wamekataa, alale mapema usiku huo, na jina baya libaki kwa mama au baba.